Mdogo Wangu, Umri Wako Usiuguse

Kila tangazo la nafasi za jeshi linapotoka, barua zenu hubadilika. Juzi tu mlikuwa mnaniuliza habari za wachumba na mawifi, leo simu yangu imejaa kilio kimoja. "Dada, cheti cha kuzaliwa sina na mwisho wa maombi ni Ijumaa." "Dada, kuna kaka pale nje ya ofisi za wilaya anasema kwa siku moja tu naondoka na cheti." "Dada, NIDA nimeandikwa 2004, shuleni 2006, watanigundua?" Nimezisoma zote, mpaka zile zilizotumwa usiku wa manane. Vuteni mkeka tuongee, maana naona wengine mmeshaanza kukimbia, na huko mnakokimbilia hakunipendezi hata kidogo.

Nianze na aibu, kwa sababu aibu ndiyo inayowafanya mtende mambo gizani. Kukosa cheti cha kuzaliwa si kosa lako. Ulikuwa kichanga, ungefanya nini? Mama alijifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi, au alijifungulia zahanati akapewa tangazo la kizazi, akalikunja akalitia kwenye mkoba, masika yakaja, paa likavuja, basi tena. Baba naye alipiga hesabu ya nauli ya kwenda wilayani na siku nzima ya shamba inayopotea, akasema tutakwenda baada ya mavuno. Mavuno yakapita mara kumi na nane. Wala hamko wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba kati ya watoto wanne walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania, aliyesajiliwa ni kama mmoja tu. Na ule mpango wa kuwasajili bure watoto wa umri huo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza kusambazwa mikoani kuanzia Mbeya mwaka 2013. Wewe uliyezaliwa 2005 au 2006 ulikuwa umeshapita umri, unakimbiza mpira wa makaratasi darasa la kwanza. Kwa hiyo inua kichwa. Usimwombe mtu radhi kwa jambo ulilolikuta.

Lakini hapo hapo nikugombeze, na unisikilize. Jeshi hukulianza kulitaka leo. Tangu kidato cha pili unaamka alfajiri kukimbia, umepiga pushapu mpaka mikono imeota sugu, umeacha soda, umeacha chipsi, mtaa mzima unakuita afande. Sasa niambie, katika miaka yote hiyo, siku moja ya kwenda kuulizia cheti ilikosekana? Tangazo likitoka halikusubiri. Linakupa siku za kuhesabu vidoleni, na katika siku hizo hizo wenzako wote wasio na vyeti wamefurika dirisha lile lile unalolitaka wewe. Karani ni mmoja, foleni inazunguka jengo, mtandao unakatika. Ndipo unapomwona yule kaka wa nje ya ofisi na bahasha yake ya kaki, unamwona malaika. Mdogo wangu, haraka yako ndiyo biashara yake.

Turudi nyuma kidogo ili uelewe kwa nini wanakuuliza hicho cheti, maana wengi mnadhani ni usumbufu tu wa watu wa ofisini. Jeshi linataka kujua mambo mawili juu yako kabla halijakukabidhi silaha: wewe ni mtu mzima wa umri unaofaa, na wewe ni wa nchi hii. Matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka raia wa Tanzania, mwenye kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, mwenye cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya shule na cheti cha mafunzo ya JKT, na umri wameuwekea ukomo: miaka 24 kwa waliomaliza kidato cha nne na cha sita, 26 kwa wenye stashahada, 27 kwa wenye shahada. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako kwa macho yako mwenyewe, lote, usisimuliwe na mtu wa bodaboda. Ila ukiyasoma utaona kwamba kila karatasi wanayoitaka inaishuhudia nyingine. Hicho kitu kishike, nitakirudia.

Na hili la umri lina uchungu wake ambao vijana wa kwetu hawaujui kwa sababu Mungu ametuepusha nao. Majirani zetu wa Ituri, kule Bunia nchini Kongo, watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, waliona watoto wakibebeshwa bunduki mwaka 2002 na 2003. Thomas Lubanga, aliyekuwa mkuu wa kundi la UPC, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 14 Machi 2012 kwa kuandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, akahukumiwa kifungo cha miaka 14. Ndiyo iliyokuwa hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile. Katika kesi hiyo jambo lililosumbua mno lilikuwa kujua fulani alikuwa na miaka mingapi siku ile, kwa sababu vyeti havikuwapo au havikuaminika. Waliitwa wataalamu wa picha za mifupa ya kiganja na za meno, na hata hapo majaji walizipokea picha hizo kwa tahadhari, maana mfupa unakadiria tu, tarehe hauijui. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 juu ya watoto na vita inaitaka nchi inayopokea kwa hiari vijana wasiotimiza miaka 18 ipate kwanza uthibitisho wa kuaminika wa umri wao. Ofisa anayekukazia macho juu ya tarehe yako ya kuzaliwa analinda mlango ambao kwingine uliachwa wazi, na watoto wakapita.

Sasa tuje nyumbani, kwenye kutafuta ukweli wenyewe. Wengi mnaruka hapa. Mnakimbilia fomu kabla hamjajua mtaandika nini.

Kaa na mama. Chagua siku ambayo hana shughuli, msaidie kuchambua mboga au kupepeta mchele, mwulize polepole. Usimwulize "nilizaliwa tarehe ngapi," maana kama angekuwa anaikumbuka angekwisha kukwambia. Mwulize ilikuwa msimu gani, nani alikuwa mjamzito pamoja naye, mtoto wa jirani gani mnapishana kwa wiki, kulikuwa na tukio gani nchini. Hapo utashangaa. Mama asiyejua tarehe anakumbuka kwamba mimba ilikuwa ya miezi saba siku aliyokwenda kumpigia kura Kikwete mara ya kwanza, na kwamba mwaka uliofuata ndio ule wa ukame na mgawo wa umeme. Haya, chukua hilo neno ulifanyie kazi. Uchaguzi wa Muungano wa mwaka 2005 ulipangwa kufanyika 30 Oktoba, ukaahirishwa kwa sababu ya kifo cha mgombea mwenza wa chama kimojawapo, watu wakapiga kura 14 Desemba. Ukihesabu kuanzia Oktoba unaangukia mwisho wa Desemba 2005, ukihesabu kuanzia Desemba unaangukia katikati ya Februari 2006. Unaona? Kwa kumbukumbu moja ya mama unaweza kukosea mwaka mzima kwenye karatasi. Na mwaka mmoja, mdogo wangu, ndio unaomtenganisha aliye ndani ya ukomo na aliye nje.

Ndiyo maana baada ya mama unatafuta karatasi ya zamani. Kadi ya kliniki, ile yenye mstari wa uzito, iliyoandikwa tarehe za chanjo kwa kalamu ya nesi. Cheti cha ubatizo, na kama kimepotea, parokia ina daftari lake na tarehe ya kuzaliwa huandikwa pembeni ya tarehe ya ubatizo. Cheti cha kumaliza elimu ya msingi. Daftari la uandikishaji la shule uliyoanzia darasa la kwanza, mwalimu mkuu akikukubalia ulione. Karatasi iliyoandikwa zamani, kabla mtu yeyote hajajua kwamba utakuja kutaka jeshi, ina uzito kuliko iliyoandikwa wiki hii. Hata mimi ningekuwa ofisa ningeiamini hiyo kwanza. Kwa hiyo usije ukaidharau kadi ya kliniki kwa sababu ina doa la mafuta ya nazi na pembe zimeliwa na panya. Itie kwenye mfuko wa nailoni, itoe nakala, hiyo asili yake usimwachie mtu.

Ukishajua ukweli wako, nenda RITA. Kwa Tanzania Bara wao ndio wanaosajili vizazi na kutoa vyeti, na kwa kawaida utawapata kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Maombi siku hizi unaweza kuyaanzia mtandaoni pia. Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, ninyi mna Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, msije mkavuka maji kufuata foleni isiyo yenu. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Wewe umechelewa, kwa hiyo utaulizwa zaidi, na usinune. Mtu mzima anayejitokeza leo kusema "nilizaliwa Februari 2006 kijiji fulani" ni haki aulizwe nani anajua. Utapeleka hizo karatasi zako, barua ya mtendaji, taarifa za wazazi, na wakati mwingine kiapo. Na kiapo nacho tuelewane. Kile cha mzazi, kilichogongwa mhuri na wakili au hakimu, ni cha kukusaidia kuomba cheti. Wapo waliokibeba mpaka kwenye usaili wakidhani ndicho cheti chenyewe, wakarudi nyumbani na machozi. Moyo wangu uliniuma, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nifike kwenye lile nililosema nitalirudia, na hapa naomba simu uiweke chini.

Karatasi zako zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Itoe namba yako ya NIDA uitazame. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Kama siku ile ya kujiandikisha ulitaja 2004 ili uonekane mkubwa upate laini ya simu au kazi ya ulinzi, 2004 hiyo imekaa mbele kabisa ya namba yako, mtu hahitaji hata kukufungulia faili. Na wewe mwingine uliyepunguza miaka shuleni ili urudie darasa, nawe umeacha nyayo. Ukimpa yule kaka wa bahasha ya kaki hela akuchongee cheti cha kuzaliwa chenye tarehe tamu, hicho cheti kitasimama peke yake. NIDA itasema lake, cheti cha msingi lake, na namba ya cheti chako haitaonekana popote kwenye kumbukumbu za RITA. RITA wanahakiki vyeti. Wenzenu wanaoomba mikopo ya elimu ya juu wameshaijua hiyo habari. Uongo wa cheti hauhitaji mpelelezi, unahitaji karani mmoja aliyefungua kompyuta.

Najua mtakavyonijibu. "Dada, fulani alipunguza miaka mitatu na yuko kambini, anapokea mshahara." Inawezekana. Siku za mwizi ni arobaini, hujaambiwa yeye yuko kwenye ya ngapi. Mnakumbuka Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea ripoti ya uhakiki pale Dodoma? Watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vile vilikuwa vyeti vya shule, lakini somo ni lile lile. Wengine walikuwa wameshajenga, wanasomesha, wamezeeka kazini, wakatoka bila mafao ya utumishi wao, na iliwachukua miaka mpaka kuruhusiwa kurudishiwa hata ile michango waliyokatwa kwenye mishahara. Fikiria mama mwenye watoto watatu anarudi nyumbani mchana, siku ya kazi, anawaambia nini? Na hao hawakubeba silaha. Kughushi hati ni kosa la jinai, sheria imeliwekea kifungo kinachoweza kufika miaka saba. Ukikamatwa mlangoni hujakosa nafasi ya mwaka huu tu. Matangazo yale yale yanataka mtu asiyewahi kutiwa hatiani mahakamani, kwa hiyo umejifungia mwenyewe mlango wa jeshi, polisi, magereza na kila pengine ulipokuwa unategemea.

Tena tuseme hukukamatwa. Tarehe uliyoiandika siku ya kwanza ndiyo itakayokwenda nawe mpaka kustaafu. Ukijiongezea miaka ili ufikishe kumi na nane, utastaafishwa ukiwa bado na nguvu na mtoto wa mwisho bado yuko shule. Ukijipunguzia, itakubidi udanganye daima: kwa daktari, kwa mchumba, kwenye bima, kwenye fomu za warithi. Mke wako ataandika tarehe moja, mama yako ataitaja nyingine, na siku ya msiba watoto wako watazungushwa ofisi hadi ofisi kwa sababu ya jambo ulilolifanya ukiwa na miaka ishirini. Hilo huwa halisemwi na hao vishoka wa bahasha za kaki.

Basi aliyekwisha kuharibu afanyeje? Usilie. Kosa la tarehe lina dawa kama umelileta mwenyewe mapema. Nenda NIDA na cheti halali cha kuzaliwa kutoka RITA pamoja na hizo karatasi za zamani, omba kurekebishiwa taarifa, eleza ukweli jinsi kosa lilivyotokea. Yawezekana utaambiwa njoo kesho, kesho kutwa, baada ya mwezi. Nenda. Karani aliyekuona mara tatu ukiwa na karatasi zile zile na hadithi ile ile anaanza kukuamini. Lakini umri ukikutoa nje ya ukomo wa tangazo, kubali, mdogo wangu. Najua ni ndoto uliyoilala nayo, na siwezi kukuambia haiumi. Inauma. Lia siku mbili, ya tatu uniandikie tuangalie njia nyingine.

Majina nayagusa haraka tu, maana yanafahamika. Mwajuma wa cheti cha kuzaliwa na Mwanajuma wa cheti cha kidato cha nne ni watu wawili mbele ya ofisa. Said na Saidi vivyo hivyo. Unapoomba cheti sasa, mtu mzima, angalia vyeti vyako vya shule vimeandikaje na umweleze wazi karani wa RITA kabla hajaandika. Kama tofauti ni kubwa, kuna hati maalumu ya kisheria ya kuthibitisha au kubadili jina, wakili wa wilayani atakuandalia. Soma kila herufi ya cheti ukiwa bado umesimama dirishani. Ukifika nyumbani ndipo ukaona wamekosea, safari imeanza upya.

Na sasa uraia. Hapa nazungumza zaidi na wadogo zangu wa Kigoma, Kagera, Mara, Songwe na Mtwara, ingawa na wa mjini msikie. Barua zenu ndizo zinazonikalia moyoni. Kijana amezaliwa Kasulu, amesoma Kasulu, anaimba wimbo wa Taifa tangu chekechea, siku anayokwenda kuomba kitambulisho anaulizwa: babu yako mzaa baba alizaliwa wapi? Anatoka pale amenyong'onyea, anajiona mgeni kwao. Anaandika, "Dada, mimi ni nani?"

Wewe ni mtoto wa mpakani, na mpaka uliwekwa na watu ambao hawakuwauliza babu zako. Ndugu walibaki pande zote mbili, wakaoana, wakazikana. Tena baadhi ya mikoa ya upande huo imepokea wakimbizi miaka na miaka. Mwaka 2014 nchi yetu iliwakamilishia uraia zaidi ya Warundi 160,000 wa lile kundi la mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ndiyo sababu ofisa wa Uhamiaji wa kwenu anauliza maswali ambayo wa Dodoma mjini huenda asiulizwe. Ukilijua hilo hasira inapungua, na ukiingia pale bila hasira unajibu vizuri zaidi.

Elewa pia kwamba cheti cha kuzaliwa kinaeleza ulizaliwa wapi, lini, na nani. Uraia unaulizwa kivyake. Wengi mmeweka cheti mezani mkadhani mmemaliza, mkashangaa maswali yanaendelea. Kwa hiyo jiandae na habari za wazee kabla hujaitwa. Mama alizaliwa kijiji gani, alisoma wapi, ana kitambulisho chake? Baba je? Babu na bibi walizikwa wapi, na ni nani kijijini mwenye umri wao anayewafahamu? Wazazi wenyewe kama hawana vitambulisho, wasaidie kwanza wao, maana namba zao ndizo zitakazokubeba. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wakujue kwa sura kabla hujahitaji barua yao. Hudhuria mikutano ya kijiji, usionekane siku ya mhuri tu. Na usipunguze wala usiongeze: ukisema babu alizaliwa Kibondo wakati kijiji kizima kinajua alitokea ng'ambo, umeharibu neno lako lote kwa sababu ya babu ambaye huenda hata asingekuzuia.

Kama mzazi mmoja ni Mtanzania na mwingine ni wa nchi jirani, usikate tamaa na usifiche. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtambua mama kama inavyomtambua baba. Lakini nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo ukishafika miaka 18 jambo hilo lazima ulimalize na Uhamiaji kwa maandishi, na ukimaliza uitunze hiyo karatasi kuliko unavyotunza simu. Tena uwe raia kamili wa sheria, bado tangazo la nafasi linaweza kuwa na sharti lake juu ya uraia wa kuzaliwa, wako au wa wazazi wako. Lisome kabla hujauza mbuzi wa nauli.

Mbuzi wamenikumbusha. Nafasi za jeshi haziuzwi. JWTZ na JKT wameshatangaza hivyo mara nyingi, na bado kila mwaka kuna mzazi anauza shamba kumpa mtu aliyevaa viatu vya jeshi na kujiita kanali. Nafasi za kujitolea JKT huratibiwa na ofisi za mikoa na wilaya, mchana kweupe. Hakuna afande wa kweli atakayekutumia ujumbe usiku akitaka laki tano "za kushughulikia cheti." Ukiambiwa hela itumwe kwenye namba ya simu, umeshajibiwa. Na ninyi wa kike, anayeomba kitu kingine badala ya hela ni yule yule. Ondoka hapo, mwambie mtu mzima unayemwamini, na usijilaumu kwa sababu ulikwenda kumsikiliza.

Nimebakiza barua moja ambayo sikutaka kuijibu juu juu. Ameandika binti: cheti hana, baba hamjui, na kila akimwuliza mama, mama anasusa, anaingia ndani. Tangazo linakuja na yeye anaogopa kuitwa muongo kwenye fomu.

Mdogo wangu, mama yako hakufichi wewe, kuna siku anayoikimbia. Usimwulize mbele ya wajomba, wala usimwambie "unanikosesha kazi," hata kama ndivyo moyo unavyosema. Mwambie unachotaka ni cheti, na kwamba cheti kinaweza kutoka kwa taarifa za mama peke yake, sehemu ya baba ikaachwa. Wengi wa akina mama hawalijui hilo. Wanadhani wakienda pale watalazimishwa kulitaja jina wasilotaka kulitamka. Akishajua halazimishwi, huenda akafungua mdomo juu ya mengine: ulizaliwa wapi, msimu gani, nani alimpokea. Akishindwa kabisa, shangazi au bibi aliyekuwapo siku ile ndiye wa kumwendea. Kwenye fomu usibuni jina la baba ili nafasi isibaki wazi, na usiazime la mjomba. Iache wazi, ukiulizwa sema humjui, basi. Kwa upande wa uraia utajenga kwa mama: kwao, wazazi wake, kijiji chake, kitambulisho chake. Mwende wote wilayani siku ya kuomba kama atakubali, lakini umfikishe mapema asisimame juani. Ukikwama, niandikie umekwama dirisha gani na umeambiwa nini kwa maneno yao hasa, nikujibu toleo lijalo.